Ijumaa 25 na Mtu wa Elfu

Neno la kwanza lililonishinda lilikuwa jina la jamii anayotoka Frieren, mhusika mkuu wa anime, yaani katuni ya Kijapani. Maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini ya skrini yaliitaja kwa neno fupi la silabi moja, elf (kiumbe wa njozi mfano wa binadamu), ambalo wasomaji wa hadithi za njozi za Ulaya wamelizoea tangu utotoni, na ambalo Kiswahili hakina lake. Ilikuwa usiku wa Ijumaa, tarehe 29 Septemba 2023, sebuleni kwangu Tabata. Nilikuwa nimekaa kando ya mama yangu nikimsomea kwa sauti kila sentensi, kwa sababu ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemfunika macho yote mawili, na hata kabla ya ugonjwa huo hakuwa msomaji wa Kiingereza. Sikuwa na muda wa kufikiri. Niliichukua sauti ya neno lile, nikaitilia irabu mwishoni kama tufanyavyo kwa maneno mengi ya kigeni, nikasema, "Huyu ni elfu, mama."

"Elfu?" akauliza. "Ana miaka elfu?"

Nikajibu kuwa ndiyo, kwa kuwa ilikuwa kweli: Frieren ameishi zaidi ya miaka elfu moja. Mama akaridhika, akaegemea mto wake, na tangu usiku ule jina la mhusika huyo nyumbani kwetu likawa Mtu wa Elfu. Nimelikumbuka kosa hilo mara nyingi, nami silioni tena kuwa kosa, maana neno nililoliokota kwa haraka lilieleza jambo ambalo hadithi yenyewe ilihitaji sehemu nzima kulieleza.

Kwa asiyeifahamu, Frieren: Beyond Journey's End, ambayo kwa Kijapani huitwa Sōsō no Frieren, ni anime ya studio ya Madhouse iliyoongozwa na Keiichirō Saitō. Imetokana na manga, yaani hadithi ya vibonzo ya Kijapani, iliyoandikwa na Kanehito Yamada na kuchorwa na Tsukasa Abe, iliyoanza kuchapishwa mwaka 2020 katika jarida la Weekly Shōnen Sunday. Inaanzia pale ambapo hadithi nyingine za aina hii huishia. Mfalme wa mazimwi amekwisha kuuawa, na mashujaa wanne wanarudi mjini baada ya safari ya miaka kumi: Himmel aliye kiongozi wao, Heiter aliye kasisi, Eisen aliye askari wa shoka, na Frieren. Usiku wanatazama mvua ya vimondo ambayo hutokea mara moja kila miaka 50, na Frieren anaahidi, kwa wepesi wa mtu anayepanga kukutana na wenzake juma lijalo, kwamba vimondo vitakaporudi atawapeleka mahali vinapoonekana vizuri zaidi. Anaporudi miaka 50 baadaye, Himmel ni mzee mfupi mwenye upara. Wanakwenda pamoja kuviona vimondo, na muda si mrefu Himmel anafariki. Makaburini Frieren analia, akijiuliza kwa nini hakujitahidi kumjua zaidi mtu aliyesafiri naye miaka kumi.

Nimetazama anime tangu nikiwa kidato cha pili, enzi za DVD za kuchoma tulizokodi mtaani, na kwa miaka mingi desturi yangu ilikuwa kusubiri msimu uishe kisha niumalize kwa siku mbili. Niliamini kuwa kukatiwa hadithi njiani ni mateso yasiyo na faida. Aliyenibadilisha ni mama. Alikuwa amekuja kutoka Pangani mwezi Agosti kusubiri zamu yake ya upasuaji wa macho, na siku zake zilikuwa ndefu mno: hakuweza kushona, hakuweza kuchambua mchele, na hata kuwatambua majirani alitegemea sauti zao. Nilipomwambia kwamba hadithi hii ingekuja kila Ijumaa, uso wake ulichangamka. Alinikumbusha jinsi alivyofuatilia mchezo wa Twende na Wakati ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993, na jinsi wanawake wa mtaa wake walivyobishana kisimani kuhusu Mkwaju, dereva wa lori, na mabaya aliyokuwa akijitafutia barabarani. "Tulikuwa tunampa ushauri," alisema, "kana kwamba atatusikia kabla ya kipindi kijacho."

Sehemu nne za kwanza zilitolewa siku moja, na baada ya hapo ikawa sehemu moja kila Ijumaa. Japani ilirushwa saa tano usiku, ambayo kwetu ni saa kumi na moja jioni, wakati mimi nikiwa bado nafunga hesabu za duka la vifaa vya ujenzi huko Kariakoo. Nilifika nyumbani baada ya Magharibi, tukala, mama akaswali Isha, ndipo tukaketi. Crunchyroll, huduma ya kutazama anime mtandaoni, ilikuwa na maandishi ya Kiingereza, nami niliunganisha simu na televisheni, nikasoma. Mwanzoni nilisoma kama mtu anayekimbizwa. Sentensi moja ya Kiingereza hukaa kwenye skrini kwa sekunde chache, na Kiswahili chake, kikitamkwa kwa ukamilifu, huwa kirefu zaidi, kwa hiyo nilikuwa kila mara nyuma kwa hatua moja, nikieleza kicheko wakati wahusika wamekwisha kununa. Ilinichukua majuma matatu kukubali kusimamisha picha. Sehemu ya dakika 24 ikawa inatuchukua saa nzima, na hapo ndipo tulipoanza kuitazama kweli.

Ugumu mkubwa ulikuwa neno la kazi ya Frieren, ambayo Kiingereza kiliiita mage. Kamusi ingenipa mchawi, nami nililitumia usiku wa kwanza, mama akanyamaza kwa namna ambayo naijua. Katika lugha yetu, na hasa kwa watu wa mwambao, mchawi hana sifa njema hata moja: ni mtu wa usiku, mwenye husuda, anayedhuru jamaa zake. Huwezi kumwambia mama wa Pangani kwamba mchawi anakusanya vitabu vya elimu yake ili ajifunze kuondoa kutu kwenye sanamu ya shaba na kuotesha bustani ya maua, ukatarajia akuelewe. Nilijaribu mganga, lakini mganga hutibu, na Frieren hakuwa akimtibu mtu. Nilijaribu mwanamazingaombwe, neno lililonikumbusha watu waliokuja shuleni kutuonyesha sarafu zinazopotea, nikaliacha. Juma zima nililitembeza jambo hilo kichwani, ndani ya daladala na mbele ya vitabu vya hesabu, na Ijumaa iliyofuata nilikuwa bado sina jibu.

Mama ndiye aliyelipata. Tulikuwa katika kisa cha Fern, binti yatima wa vita aliyelelewa na Heiter, ambaye siku baada ya siku alisimama ukingoni mwa genge akielekeza nguvu zake kwenye mwamba mmoja wa mbali upande wa pili, mpaka siku moja akautoboa. Tulikuwa tunakirudia kisa hicho kwa sababu mama alikipenda. Akasema, "Huyu hana uchawi. Huyu anafunzwa kazi. Frieren ni fundi, na mtoto ni mwanagenzi wake." Sikuwa nimelisikia neno mwanagenzi kwa miaka mingi. Kwao lilitumika kwa kijana aliyekaa chini ya seremala au mshoni mpaka mkono wake ukazoea, na sasa nililiona likiwavaa wahusika wawili wa Kijapani kama nguo iliyokatwa kwa vipimo vyao. Kuanzia hapo kila mwenye elimu hiyo katika hadithi akawa fundi, na mtihani mkubwa uliokuja baadaye, wa kutafuta mafundi wa daraja la kwanza, ukaeleweka bila maelezo yoyote.

Ninasimulia haya kwa urefu kwa sababu naamini yasingetokea kama tungezitazama sehemu zote 28 kwa mfululizo. Neno bovu lingepita na kufunikwa na sehemu iliyofuata, na mama angebaki na hadithi ya mchawi asiyeeleweka. Siku saba zilimpa nafasi ya kulipinga neno langu moyoni na kulitafutia badala yake. Mpwa wangu, mtoto wa dada, aliyekuja kututembelea mara mbili wakati huo, alikuwa na utaratibu mwingine. Yeye hutazama kwa kasi iliyoongezwa, tena baada ya msimu kwisha, na aliniambia, "Mjomba, mnajichelewesha bure." Ni kijana mwerevu na anakumbuka majina yote ya wahusika. Lakini baadaye nilipomwuliza yule mwamba ulikuwa wapi, hakukumbuka kuwa kulikuwa na mwamba.

Neno mazimwi nililichagua mwenyewe, na katika hilo tu ndipo ninapojipongeza. Viumbe waovu wa hadithi hii wana sura ya binadamu na hutumia maneno ya binadamu, lakini wanayatumia kama mvuvi atumiavyo chambo. Katika kisa kimoja mtoto wao wa kike, akiwa karibu kuuawa kwa kula mtoto wa kijiji, anaita "mama", na mashujaa wanashika mikono yao. Baadaye anapoulizwa kwa nini aliita hivyo ilhali viumbe wa jamii yake hawalelewi na mama, inadhihirika kwamba aliliita kwa sababu neno hilo huwazuia binadamu wasimuue. Nilipomsomea mama kisa hicho tarehe 20 Oktoba, nilikumbuka hadithi alizotupa utotoni kuhusu zimwi aliyemtia msichana ndani ya ngoma na kuzunguka naye kijiji kwa kijiji, akimwimbisha ili watu wadhani ngoma inaimba. Mama naye aliikumbuka hadithi ileile bila mimi kuitaja. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema kuwa zimwi wa hadithi zao aliiba sauti ya mtu, na huyu wa Kijapani ameiba neno, na kwamba wa pili anamtisha zaidi.

Mwezi Novemba nilikosea. Sehemu ya tisa ilikuwa imeishia pabaya: Frieren amesimama mbele ya Aura, mmoja wa majemadari wa mfalme wa mazimwi, mwenye mizani inayopima nguvu za roho mbili na kumtawalisha aliye mzito juu ya mwepesi. Sikuweza kuvumilia. Jumapili nilitafuta sura za manga zinazohusika, nikazisoma usiku peke yangu, nikajua kila kitu. Ijumaa ya tarehe 10 nilikaa kando ya mama nikiwa na siri, nikiamini kuwa naweza kuificha. Sehemu ile ni miongoni mwa bora kabisa katika msimu mzima. Aura, mwenye kujivunia miaka 500 ya kukuza nguvu zake, anaweka roho mbili kwenye mizani, na mizani inaelemea upande wa Frieren, kwa sababu Frieren ametumia maisha yake yote akizificha nguvu zake ili mazimwi wamdharau, kama alivyofundishwa na mwalimu wake Flamme. Amri anayompa Aura baada ya hapo ni neno moja tu: ajiue.

Nilisoma yote hayo kwa usahihi. Mama hakushtuka. Mwisho aliniuliza, "Mbona leo sauti yako ilikuwa imelala? Uliyajua?" Nikakiri. Hakunilaumu, ila alisema maneno ambayo sijayasahau, kwamba wiki zote zilizopita tulikuwa tunatembea pamoja, na wiki ile nilikuwa nimefika mbele nikamsubiri. Nilijisikia vibaya kuliko ningedhani mtu anaweza kujisikia kwa ajili ya anime. Kwa kuwa haoni picha, sauti yangu ilikuwa ndiyo macho yake, nami niliipeleka kwenye mshangao mkubwa kuliko yote ikiwa tayari imeshiba. Sikusoma tena sura yoyote ya manga mpaka msimu ulipokwisha, ingawa kitabu kilikuwa kwenye simu yangu na vidole vilikwenda huko mara kadhaa.

Miezi ile ilikuwa ya mgao wa umeme. Mvua za El Niño zilinyesha Dar es Salaam mpaka mitaa ikajaa maji, na bado Ijumaa nyingine tulikaa gizani. Nilijifunza kuipakua sehemu mpya kazini kabla ya kutoka, kuitazama mara moja kwa simu ndani ya daladala, kisha kumsimulia mama kwa mdomo tu, bila picha wala muziki wa Evan Call ambao alikuwa ameuzoea. Hiyo ilikuwa kazi tofauti kabisa na kusoma maandishi. Nilipaswa kuamua nini kije kwanza. Nilipaswa kueleza kimya, maana hadithi hii ina kimya kingi: Frieren anatazama ua, upepo unapita, hakuna anayesema, na katika kimya hicho mtazamaji anaelewa kuwa amemkumbuka Himmel. Nilipojaribu kusema moja kwa moja kwamba amemkumbuka, kisa kilikufa mdomoni. Nilipoeleza ua tu na rangi yake, kisha nikanyamaza, mama alisema mwenyewe gizani, "Amemkumbuka yule marehemu." Alikuwa akiniitikia "enhe" kila nilipopumua, kama tulivyomwitikia yeye zamani, nami nilitambua kwa aibu kidogo kwamba kwa miaka zaidi ya 30 sikuwahi kumsimulia mama yangu chochote kirefu kuliko habari za kazini.

Tarehe 22 Desemba ilikuja sehemu ya 16. Ndani yake yupo mzee Voll, kibeti wa umri mkubwa na rafiki wa zamani wa Frieren, anayelinda kijiji kimoja tangu karne kadhaa kwa sababu tu mke wake, binadamu aliyefariki zamani mno, alikipenda kijiji hicho. Watu anaowalinda sasa hawakumjua mke huyo, wala wazee wao hawakumjua. Na mzee anakiri kwamba miaka imemchukulia kumbukumbu moja baada ya nyingine, kwamba hakumbuki tena sauti ya mkewe wala macho yake, na bado anakilinda kijiji. Umeme ulikuwepo usiku ule. Nilisoma mpaka mwisho, nikazima, nikamwangalia mama. Baba alifariki mwaka 2009. Mama hakusema neno, aliniomba maji tu, akaenda kulala.

Ijumaa iliyofuata, tarehe 29, hapakuwa na sehemu mpya kwa ajili ya mwisho wa mwaka. Zilikuwa siku 14 za kukaa na mzee Voll. Jioni moja katika siku hizo, nikiwa napiga pasi, mama alianza kuzungumza kutoka kitini bila kuulizwa. Alisema sauti ya baba anayo, haijapotea, lakini si sauti ya kuzungumza. Anayo sauti ya kikohozi chake alipokuwa akikaribia mlango usiku akitoka baharini, ambacho alikitoa makusudi ili mama asishtuke. Sauti ya kuzungumza alidhani anayo, na baada ya kumsikia mzee Voll aliitafuta akaikosa. Aliniuliza kama mimi ninayo. Niliiweka pasi pembeni. Nikamwambia ninayo akiita jina langu, na akihesabu fungu la samaki, "mosi, pili, tatu", kwa ile sauti ya puani, nikaiiga. Mama akaniomba niirudie. Niliirudia mara nne au tano, mpaka akasema inatosha.

Tumeishi pamoja na kifo hicho miaka 14 na hatukuwahi kuzungumza hivyo. Kama tarehe 29 Desemba ingeleta sehemu ya 17, naamini tungekimbilia kujua kasisi Sein ameamua nini kuhusu safari yake, na kisa cha mzee wa kijiji kingewekwa nyuma yetu pamoja na vingine. Watengenezaji wa anime hupumzika mwisho wa mwaka kwa sababu za ratiba ya televisheni yao, na hawakumkusudia mama yangu, lakini pengo hilo lilimfikia.

Kwa upande wa mtihani wa mafundi, ulioanza tarehe 12 Januari na kuendelea mpaka Machi, nitapita haraka. Wapo mashabiki wanaoupenda kuliko yote, kwa kuwa vita vyake vimechorwa kwa ustadi mkubwa, na nilipoiona sehemu ya 26, ambamo Frieren na Fern wanapigana na nakala ya Frieren mwenyewe, nilisimama bila kujijua. Kwa mtu anayesomewa, hata hivyo, wahusika wapya wengi kwa mpigo ni mzigo. Mama alimshika mmoja tu, mzee Denken, kwa sababu alikuwa mzee kati ya vijana na hakukata tamaa hata alipoishiwa nguvu na kubaki na ngumi.

Katikati ya mtihani huo, mwezi Februari, mama alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Siku ya kufunguliwa bandeji aliona mikono yake kwanza, akaicheka kwa makunyanzi yake. Ijumaa ya tarehe 23 alikaa mbele ya televisheni akiwa na miwani nyeusi, nikaanzisha sehemu ya 24, na baada ya dakika moja akanishika mkono nisimamishe picha. "Huyu ndiye Mtu wa Elfu?" akauliza. Kwa miezi mitano alikuwa amemwona Frieren kama bibi kizee mwenye mvi, mnene kidogo, anayetembea kwa fimbo. Aliyekuwa kwenye skrini alikuwa na mvi kweli, na fimbo anayo, lakini uso wake ulikuwa wa binti asiyefika miaka 20. Mama alimtazama kwa muda mrefu sana. Kisha akaniambia kuwa sasa ameelewa kwa nini Himmel alisubiri bila kusema, na nilipomwomba aeleze, alikataa. Nywele za Fern nazo alidhani ni nyeusi, kumbe ni zambarau, na hilo lilimuudhi kidogo kwa sababu rangi aliyompa yeye aliiona nzuri zaidi.

Juma hilohilo mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulianza kuingiza megawati 235 kwenye gridi ya taifa, na giza la Ijumaa likaanza kupungua. Nilifurahi kama kila mtu. Lakini nakiri kuwa usiku mmoja wa Machi, umeme ukiwaka vizuri, mama aliniambia, "Zima, unisimulie," na sikuuliza kwa nini.

Sehemu mbili za mwisho ziliangukia Ramadhani. Tarehe 22 Machi 2024 tulifuturu, mama akaswali tarawehe nyumbani, tukaketi karibu saa nne usiku. Nilikuwa na huzuni ambayo nisingeweza kumweleza mtu asiyefuatilia hadithi kwa miezi sita. Katika sehemu hiyo Fern, aliyefuzu na kupewa haki ya kuomba elimu yoyote anayoitaka kutoka kwa Serie, fundi mkuu aliyeishi tangu enzi za kale, anaomba namna ya kusafisha nguo. Mama alipiga makofi. Na mwishoni wahusika wanaagana na marafiki wapya kwa maneno mepesi, karibu ya kupuuza, na Frieren anaeleza kuwa Himmel ndiye aliyemfundisha kuagana hivyo, kwa sababu mkija kukutana tena, machozi mengi ya kuagana yatawatia haya. Nilisoma sentensi hiyo kwa shida. Picha za mwisho zikapita, wimbo wa mwimbaji milet ukaisha, na mama akainuka. "Haya," akasema, "daku ni saa tisa, nenda kalale."

Alirudi Pangani mwezi Mei, macho yote mawili yakiwa yamepona. Nilidhani kwamba hadithi ile imebaki Tabata. Nilipokwenda kumtembelea mwaka uliofuata, nilimkuta barazani na mdogo wake, mama mdogo wangu, wakimenya muhogo, na mama alikuwa akimsimulia habari za mzee anayelinda kijiji cha mke wake. Voll alikuwa amekuwa mvuvi mstaafu. Kijiji kilikuwa ufukweni, na mazimwi walikuja kutoka upande wa bahari wakati wa kusi. Nilisimama mlangoni nisimkatize. Mama mdogo akauliza mwisho wake, na mama akajibu kuwa mwisho haujafika, mambo hayo yanakuja kwa wiki.

Msimu wa pili ulianza Ijumaa, tarehe 16 Januari 2026. Nilikuwa nimejiandaa kumpigia simu baada ya Isha, lakini yake iliingia kwanza, saa kumi na mbili kasoro, nikiwa bado kwenye foleni ya magari Buguruni. Nyuma yake nilisikia kikombe kikiwekwa sahanini na sauti ya mama mdogo ikiuliza kama nimepatikana.

"Mwanangu," akasema, "tumekaa. Mtu wa Elfu amefika wapi?"

Nikamwomba anipe dakika 40 nifike nyumbani, niitazame kwanza. Akasema hapana haraka, wanasubiri.